Gari la Kutufikisha Wote

Sehemu ya Sita

Mliolala na presha wiki nzima mkidhani gari la viti saba limeshatumbukia korongoni, pumueni. Bado linarudi nyuma, lakini ukingoni halijafika.

"Breki," alisema Dalali Asali kutoka kiti cha mbele, kana kwamba Mkunga alikuwa amesahau zinapokaa.

Mkunga alikuwa ameshazikanyaga zamani. Mguu wa kulia umezama hadi mwisho, mkono wa kushoto umevuta breki ya mkono mpaka bega likalia, na bado matairi yaliteleza juu ya kokoto taratibu, bila haraka, kama mgeni anayeaga.

Watu wake wote walikuwa nyuma yake. Mama mkwe, mwenye goti bovu, alishika mkoba wake kifuani. Kiti cha mwisho kabisa alikaa Binti, wa miaka kumi na mitatu, amemkumbatia mdogo wake Kidoti, wa miaka mitano. Na pembeni ya mama mkwe, jirani na mlango, alikaa baba watoto, fundi cherehani wa miaka mingi na mtu aliyelichagua gari hili kwa mikono yake.

Mlango ukafunguka. Fundi Cherehani, ambaye nyumbani hakimbii hata akiitwa kula, aliruka nje, akapiga magoti nyuma ya tairi na kusukumiza kitu chini yake.

Gari likatikisika. Likakaa.

Kisha Kidoti akauliza kama wamefika.

"Bado, mama," alijibu Mkunga.

Kitu kilichowaokoa kilikuwa kigingi cha mbao, kimechongwa upande mmoja kama kipande cha keki. Mama mkwe aliteremka kwa kujikongoja, akakitazama, akamtazama mwanawe.

"Huyu nimemzaa mwenyewe," alimwambia Dalali. "Akili yote hii imetoka kwangu."

Fundi alijifuta vumbi.

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, tusimwache njiani. Mkunga amepata kazi kwenye kituo cha afya huko juu mlimani, mkataba wa miaka mitatu. Kazi inakuja na nyumba ya vyumba vitatu. Lakini wafanyakazi watano wamepewa nyumba hiyo ndani ya miaka miwili, na wote watano walifungasha, kila mmoja akilalamikia barabara. Kamati ya kituo ikachoka, ikajitungia utaratibu wake: nyumba anapewa atakayefika mwenyewe na familia yake nzima, kwa gari watakalolitumia, kabla daftari halijafungwa saa kumi alasiri. Asiyeweza, anapewa chumba kimoja bwenini, na familia inabaki mjini.

Siku ya mwisho ni leo. Na sasa hivi, kwenye kona hii, ilikuwa saa saba na robo.

Miaka mitatu ya kuwaona wanawe mwisho wa mwezi. Hilo ndilo lililomfanya Mkunga ashikilie usukani kwa nguvu tangu asubuhi.

"Tatizo dogo tu," alisema Dalali Asali. Jina la Asali hakupewa na mama yake, alipewa na wateja, na walilipa kabla hawajalijua gari. "Hatukubonyeza kitufe cha foo-wili, magurudumu yote manne yavute. Bonyeza hapo, bosi wangu. Umeona taa ya kijani? Sasa kanyaga mafuta."

Taa ya kijani iliwaka vizuri kabisa. Mkunga akakanyaga. Injini ikanguruma, kokoto zikaruka, gari likabaki palepale.

"Ongeza."

Akaongeza. Harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya jiwe upande wa mlima, mkono shavuni, akitazama magurudumu kwa makini ya mtu asiye na kazi nyingine.

"Mkwe wangu," aliita. "Haya ya nyuma yana dharau au vipi? Ya mbele yanahangaika peke yake, ya nyuma yanaangalia tu."

Mkunga akazima injini.

"Yanapokezana, mama," alisema Dalali haraka. "Ndiyo teknolojia yenyewe. Ya mbele yakichoka, ya nyuma yanapokea."

"Basi hayo ya mbele yameshachoka mpaka yanatoa moshi. Hao wenzao wanangoja nini?"

Kabla Dalali hajajibu, ulisikika mngurumo mzito kutoka chini ya mlima, mngurumo ambao familia nzima iliutambua, na Fundi Cherehani akageuza uso.

Lilikuwa lile kreti.

Msomaji mwaminifu analikumbuka. Gari la zamani, la mraba mtupu, rangi ya kaki iliyofifia, lililobeba kabichi kushuka mlima huu kwa miaka kumi na tano. Mwenye nalo, mama mmoja wa kabichi, amestaafu na analiuza. Wiki mbili zilizopita kaka yake Mkunga, makanika ambaye mtaa mzima unamwita Spana, alilileta mpaka mlangoni. Fundi Cherehani akalizunguka mara moja, akanusa ndani, akatamka maneno yaliyovunja undugu: "Mimi sipandishi mama yangu kwenye kreti la soda." Tangu siku hiyo mashemeji hawa wawili hawakuwa wamesalimiana.

Na sasa kreti lilipanda kona ileile iliyowashinda, polepole, kama halijaiona. Likasimama nyuma yao.

Spana akateremka. Hakumtazama shemeji yake.

"Sikuwafuata ninyi," alisema. "Nimemfuata dada yangu."

"Umejuaje tumekwama?" aliuliza Mkunga.

"Sikujua. Niliona mmepita pale gereji asubuhi, nyote sita ndani ya hilo pambo, nikajiambia, mpaka saa saba watakuwa kona ya tatu." Akatandika gunia chini, akalala chali, akajisukuma mpaka miguu tu ikabaki nje.

Hakukaa huko muda mrefu.

"Propela iko wapi?" sauti yake iliuliza kutoka chini.

Dalali Asali akakohoa.

"Propela ni nini, Mjomba?" aliuliza Binti.

Spana akatoka, akakaa kitako, akafuta mikono kwenye suruali. "Mtarimbo mrefu unaopeleka nguvu ya injini magurudumu ya nyuma. Hapa haupo. Kuna mahali ulipokuwa umefungwa, basi. Hili gari linavutwa na magurudumu mawili."

"Na kitufe?" aliuliza Mkunga.

"Kitufe kinafanya kazi," alisema Dalali. "Taa si inawaka, bosi wangu?"

"Inawaka. Inafanya nini kingine?"

"Propela ilitolewa kuokoa mafuta," Dalali akaungama, kwa sauti ya mtu anayetoa ofa. "Wateja wengi wa mjini wanapenda. Na mnielewe, mimi niliambiwa ni gari la familia. Viti saba, vishikio vya vikombe kumi na moja. Niliambiwa habari ya vikombe, sikuambiwa habari ya milima."

"Nilikwambia mlima mara nne," alisema Mkunga.

"Nilidhani ni jina la mtaa."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika goti. Mkunga alijizuia, lakini kwa shida.

Spana, sasa, alimgeukia shemeji yake kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameingoja nafasi hii kwa siku kumi na nne, na alikuwa ameitunza vizuri.

"Shemeji. Nasikia ulilipima hili gari."

"Nililipima."

"Uwazi wa chini, kutoka ardhini mpaka tumboni?"

"Sentimita kumi na tisa na nusu," alisema Fundi. Namba kwake ni namba.

"Likiwa na watu ndani?"

Fundi akalichungulia tumbo la gari.

"Nauliza tu. Mteja akija kwako kushona suruali, unampima akiwa amesimama mbele yako, au unapima kiti alichokalia jana? Gari tupu na gari lenye mama, watoto na mizigo ni magari mawili tofauti. Hapo lilipo sasa, tumbo linagusa mawe. Mngevuka kona hii, kile kijito cha juu kingelipasua."

Lilikuwa pigo halali. Fundi Cherehani, ambaye mtaani husifiwa kwamba anakushonea koti kwa kukutazama tu unavyopita, aliinamisha kichwa.

"Basi tumeshindwa," alisema. "Saa saba na nusu hii. Turudi nyumbani, tuje siku nyingine."

"Hakuna siku nyingine," alisema Mkunga. "Unajua hakuna."

Akaliendea kreti. Alilizunguka kimya, akafungua kila mlango, akaufunga, akausikiliza. Kisha akasimama mbele ya kaka yake, mikono kiunoni, kama anavyosimama mbele ya mama mjamzito anayemficha tarehe.

"Niambie ubaya wake kwanza."

Spana alikuna kichwa. "Linakunywa mafuta. Usukani mzito, jioni mabega yatakwambia. Dirisha la kushoto halishuki. Halina kiyoyozi, ila huko juu baridi ni ya bure. Na harufu ya kabichi nimeosha mara sita, naona imeamua kuishi humo."

"Yale mabenchi ya nyuma?"

"Mabaya kwa watoto. Yanatazamana, hayana mikanda. Nisingempakia mtoto pale hata kwa kwenda dukani. Watoto wakae kiti cha katikati, kina mikanda mitatu. Nimeifunga mwenyewe, boliti zimepita mpaka kwenye chasisi."

Mkunga akaingia, akashika mkanda mmoja, akauvuta kwa mkupuo. Ukashika. Akaning'inia nao kwa uzito wake wote, miguu hewani. Ukashika. Akafanya vivyo hivyo kwa wa pili na wa tatu, na Dalali akatazama pembeni kwa haya.

"Kushuka je? Mvua ikinyesha nami nina mgonjwa?"

"Hapo ndipo lilipozaliwa. Ona hivi vishikio viwili, kirefu ni giya za kawaida. Kifupi ukikivuta huku, magurudumu yote manne yanashika, na nguvu inakuwa ya punda mkubwa: mwendo mdogo, haliachii. Unashuka mlima mzima bila kugusa breki sana. Kabla ya hapo mtu ateremke, azungushe kwa mkono loki za magurudumu ya mbele, hizi hapa. Ndiyo kazi yenyewe. Hakuna kitufe, hakuna taa ya kijani."

"Mama goti litamuuma," alisema Fundi. "Angalia lilivyo juu. Atapandaje?"

Spana akatoa kreti la soda nyuma ya gari, akaliweka chini ya mlango kama ngazi.

"Kreti la kupandia kreti," alisema mama mkwe, na tayari alikuwa ameshaweka mguu. "Goti ni langu, wewe lako lisumbukie mwenyewe. Nishike mkono."

Fundi alimshika mama yake mkono, lakini bado alikuwa na hoja. Kiti kina upana wa sentimita thelathini na nane tu. Mizigo itapigwa vumbi. Na kama kamati itauliza hili ni gari la nani?

"Mama wa kabichi amenipa funguo na karatasi," alisema Spana. "Dada akisema ndiyo, ni lake kuanzia dakika hii. Malipo nimeshazungumza naye."

Wote wakamtazama Mkunga. Yeye ndiye dereva pekee wa nyumba ile, jambo ambalo wote walikuwa wamelisahau kwa wiki sita za kumsikiliza Fundi, asiyejua hata klachi iko wapi, akieleza ubora wa magari.

"Ndiyo," alisema.

Wakahamisha mizigo, na Spana akalipitisha kreti upande wa mlima mpaka mbele. Dalali Asali alitoa kigingi, akaachwa arudishe pambo lake kinyumenyume mita mia tatu mpaka penye nafasi ya kugeuzia. Alifanya hivyo mlango ukiwa wazi na mdomo umefungwa, na tangu tuanze hadithi hii ilikuwa mara yake ya kwanza kunyamaza.

Fundi alizungusha loki za magurudumu. Alizungusha vizuri, tuseme kweli, vidole vyake vilizaliwa kwa vitu vidogo. Kisha akapanda nyuma kabisa, kwenye benchi, pamoja na magodoro na mifuko. Mama mkwe mbele. Spana kiti cha katikati na watoto, wote wamefungwa mikanda.

Mkunga akavuta kishikio kifupi. Kitu kikajibu chini ya miguu yake, kizito na kikamilifu. Akaachia klachi.

Kreti likapanda.

Halikukimbia. Lilitembea. Tairi la mbele lilipanda jiwe, likashuka, la nyuma likafuata, na mwili wote wa gari ukayumba huku na huku bila papara. Penye matope lilizama kidogo, likatafuta, likapata. Kijito walikivuka maji yakipiga milango, na Kidoti akapiga makofi akiomba kirudiwe.

Mkunga alifurahi. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alifurahi mpaka akajikuta anacheka peke yake, jasho likimtoka, mikono ikiuma, mama mkwe pembeni akihesabu kona kwa sauti kama mwanafunzi.

"Kaka," alisema alipomaliza kona ya saba, "nisamehe. Ningekusikiliza tangu mwanzo."

Spana alijongeza kichwa mbele. Injini ilinguruma kiasi kwamba aliyekaa nyuma asingesikia kitu.

"Wewe sikulaumu. Ila kuna jambo halijakaa sawa kichwani mwangu." Akasita. "Ile propela, dada. Si kitu cha kufichika. Yeyote aliyelala chini ya lile gari, hata asiye makanika, angeona pengo. Kuna tundu na boliti nne zimebaki zinaning'inia. Ni kama mtu aliyeng'olewa meno ya mbele."

Mkunga akabadilisha giya.

"Alilala chini yake," alisema. "Jumamosi tatu. Alichora mpaka bomba la moshi."

"Nami nimesikia hivyo. Na kile kigingi nimekishika. Mti mgumu, umepigwa randa, umepigwa msasa. Kitu kama kile hakiokotwi barabarani."

Mama mkwe alikuwa ameacha kuhesabu kona.

Mkunga alitazama kwenye kioo. Huko nyuma, katikati ya magodoro, mumewe alikuwa amekaa akitazama mji ukipungua chini yao. Furaha ikamwishia mkononi, palepale kwenye usukani.

Walifika saa kumi kasoro dakika ishirini.

Mganga Mfawidhi aliwangoja nje ya kituo, mwanamke mrefu aliyebana daftari kwapani. Hakuwakaribisha. Alihesabu vichwa kwanza, kisha akazunguka gari, kisha, kwa sketi yake safi, akapiga goti na kuchungulia chini.

"Propela mbili, ya mbele na ya nyuma," alisema akiinuka. "Wa mwaka jana alikuja na moja, akadai nyingine iko njiani inakuja. Karibuni. Watoto, nyumba ni ile ya bati jekundu, nendeni mkaitazame."

Watoto hawakuambiwa mara ya pili. Spana akawafuata na godoro kichwani. Kupitia dirisha la ofisi Mkunga aliwasikia wakigombania chumba cha upande wa jua, Binti akidai haki ya umri na Kidoti akidai haki ya kufika kwanza, na kelele ile ilimwingia moyoni kwa raha na uchungu pamoja.

Ofisini walibaki wanne. Mganga Mfawidhi nyuma ya meza. Mama mkwe kwenye kiti, mguu mbovu umenyooshwa. Mkunga na mumewe wamesimama.

"Sahihi mbili," alisema Mganga Mfawidhi, akifungua daftari na kuchomoa karatasi ya nyumba. "Mfanyakazi, na mtu mzima mwingine anayeahidi kukaa naye hapa miaka mitatu. Watoto na wazee nawaandika chini yenu. Saa kumi nafunga, na nikifunga sifungui."

Mkunga akasaini. Akamnyooshea mumewe kalamu na karatasi.

Fundi akachukua karatasi. Kalamu hakuichukua.

"Baba watoto."

"Nasoma."

"Umeishika juu chini."

Akaigeuza.

Mkunga aliuliza neno moja tu.

"Uliona?"

Angeweza kujibu kwamba hajui anaulizwa nini. Tumpe sifa yake, hakufanya hivyo.

"Niliona. Jumamosi ya kwanza."

Mama mkwe akafumba macho.

"Miaka kumi na moja nimekaa kwenye kibaraza kile," alisema Fundi, akiitazama karatasi. "Mtu akitoka mbali akiuliza fundi, anaonyeshwa mimi. Huku juu nitamshonea nani, mawingu? Wewe utaitwa mchana na usiku, kila nyumba itakuhitaji. Mimi nitakuwa yule mtu wa kuzungusha loki za magurudumu. Sikuweza kukwambia usiende. Ningekwambiaje? Umeisubiri hii kazi tangu hatujaoana. Nikasema, acha gari liseme badala yangu."

"Kwa hiyo ukachagua gari lisiloweza kufika."

"Nilidhani litakwama kwenye tope la kwanza, kule chini kabisa, tucheke, turudi. Kigingi nilibeba kwa tahadhari tu. Sikujua lingefika mpaka kona ya tatu." Sauti yake ikashuka. "Wewe unaendesha vizuri mno."

"Watoto walikuwa ndani."

"Najua."

"Mama yako alikuwa ndani."

"Nilijua ungefunga breki," alisema Fundi Cherehani.

Mkunga ameambiwa mengi na waume wa watu, nje ya milango ya kujifungulia, saa za ajabu. Hajawahi kuambiwa neno lililomsifu na kumchoma kwa mara moja namna ile. Alitamani ampige na daftari. Alitamani pia akae chini alie, kwa sababu ni kweli, yeye ndiye hufunga breki katika nyumba ile, kila mara, na mtu huyu alikuwa ameegemea jambo hilo kwa uzito wake wote na wa watoto juu yake.

Mganga Mfawidhi alitazama saa ya ukutani.

"Kasoro dakika tano," alisema. "Mimi ni tabibu, si baraza la usuluhishi."

"Bibi mganga," alisema mama mkwe bila kufumbua macho. "Nisomee huo mstari wa pili ulivyoandikwa."

"'Mtu mzima wa pili atakayeishi katika nyumba hii.'"

"Haujaandikwa mume?"

"Hapana, mama."

Mama mkwe akafumbua macho, akanyoosha mkono. "Basi niletee mimi hiyo kalamu. Nitakaa na mkwe wangu. Nitawaangalia wajukuu akiwa kazini. Goti nitalitibia hapahapa."

"Mama," alisema Fundi.

"Wewe rudi kwenye kibaraza. Si ndicho ulichokitaka? Nimekupa, bila gari kuharibika."

"Fahamuni kitu kimoja," alisema Mganga Mfawidhi, sasa akimtazama Mkunga peke yake. "Bibi akisaini hapa, huyu bwana sina pa kumwandika. Si mtoto, si mzee. Kwenye daftari langu atahesabiwa ameshuka, na aliyeshuka haishi kwenye nyumba ya kituo mpaka mkataba uishe. Atakuja kama mgeni, ataondoka kama mgeni. Kamati imechoshwa na waume wa nusunusu."

Nje, Kidoti alikuwa ameshinda. Chumba cha jua kilikuwa chake, na alikuwa akimwita baba yake aje akione.

Fundi Cherehani alisikia. Akaweka karatasi mezani, juu ikiwa juu, na yeye pia akanyoosha mkono.

"Nipe," alisema. "Nitasaini. Sikuombi unisamehe leo. Naomba unipe kalamu."

"Ili ukwame njiani mwezi wa pili?" aliuliza mama yake. "Mkwe wangu, usimpe. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi nakwambia usimpe."

Mikono miwili mbele yake. Mmoja wa kizee, umetulia kabisa. Mmoja una alama za sindano kwenye kila ncha ya kidole.

"Dakika moja," alisema Mganga Mfawidhi, na akashika jalada la daftari.

Mkunga hakumuuliza mtu kitu kingine. Alichagua kama alivyochagua gari, kwa neno moja moyoni, bila kugeuka nyuma. Akamwekea mmoja wao kalamu mkononi, na yule mwingine akaanza kulia. Ni yupi kati yao, tutaambizana wiki ijayo.